Giga Ishirini na Tatu

Kompyuta imeandika, kwa adabu ya karani wa benki:
Nafasi imekwisha.
Nestani anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya sweta, anaivaa tena.
Maneno ni yale yale.

Jana nafasi ilikuwepo. Usiku,
Kutaisi yote imelala, mvua inapiga bati la roshani,
ilijisasisha yenyewe: ikajizima, ikajiwasha,
ikazungusha kile kiduara chake cha vidoto
kama mtu anayevuta tasbihi bila kusali.
Asubuhi ikaamka mpya,
imeshiba hata haipumui.

Anampigia Tornike, mtoto wa kaka yake, aliye Batumi.
"Umefuta nini mpaka sasa?"
"Picha za paka. Mapishi. Tikiti ya ndege ya mwaka ule."
"Hizo punje tu, shangazi. Gunia liko kwingine.
Fungua usafishaji wa diski, iache ihesabu."

Inahesabu. Utepe wa kijani unatambaa.
Faili za muda, giga moja na ushei.
Pipa la taka, hata giga haifiki.
Kisha, chini kabisa:
Mfumo uliotangulia, giga ishirini na tatu.

"Ndilo hilo. Ikijisasisha haiutupi ule wa zamani.
Inaukunja, inauweka nyuma ya mlango,
usije ukajuta ukataka kurudi."
"Na nikitaka?"
"Una siku kumi. Baada ya hapo njia hakuna."

Siku kumi! Nestani anacheka peke yake.
Yeye alikaa Bari miaka tisa
akimwogesha sinyora Addolorata, akimkata kucha,
akimlisha supu ya dengu kijiko kwa kijiko,
akijifunza kukasirika kwa Kiitaliano.
Kompyuta hii ndiyo mshahara wa mwezi wa mwisho.
Aliporudi, Gocha mumewe alikuwa ameshazoea kujipikia,
na yeye mwenyewe (nani alimsasisha, usiku gani?)
akawa anaomba mkate dukani kwa lugha ya ng'ambo
na muuzaji anamkodolea macho.

Kwenye droo, chini ya betri na risiti za gesi,
umo ufunguo wa shaba wa fleti ya ghorofa ya tatu.
Sinyora amekwisha fariki. Fleti imeuzwa.
Kitasa, bila shaka, kimebadilishwa.
Ufunguo hauli nafasi, hujiambia.

Lakini kila akiingia chumbani kwake
kuna chumba kingine kimekunjwa nyuma ya mlango:
shuka zinazonukia sabuni ya limau,
kengele ndogo kando ya kitanda, saa kumi alfajiri,
na miguu yake inashuka sakafuni
kabla akili haijaamka.
Hakuna anayepiga kengele. Miguu inashuka vilevile.

"Shangazi, upo?"
"Nipo. Itaumia?"
"Nani, kompyuta?"

Anatia tiki kwenye kisanduku.
Kinauliza: Una uhakika? Hutaweza kurudi toleo la awali.
Yaliyopita si ndwele, walisema wahenga;
hawakusema yanakula giga ngapi.
Ndiyo.

Inachukua muda. Feni inavuma.
Anachemsha chai, anaisahau, anaichemsha tena.
Mvua imehamia ng'ambo ya mto Rioni.
Utepe unafika robo tatu, unasita hapo
kama mgeni aliyekwisha vaa viatu
na bado anatafuta neno la kuagia.
Kisha haupo.

Nafasi iliyo wazi: giga ishirini na sita.
Tornike anauliza ataweka nini.
"Iache," anasema. "Iache ikae tupu kwanza."

Anakata simu. Anaifungua droo, anaifunga nusu.
Ya ufunguo ataamua.
Kwa hilo amejipa siku kumi.